Eda ya Aminah na Barua Niliyoificha

Jumatatu, 15 Machi 1999

Bilal tulimzika Ijumaa, kabla ya alasiri. Trela ya miwa ilimlalia pale kwenye mteremko, na sitaki kuandika zaidi ya hapo. Alikuwa mwanangu wa mwisho. Mkewe Aminah ameingia eda siku hiyo hiyo, miezi minne ya mwandamo na siku kumi. Mimi ndiye nitakayehesabu, maana wanawake wa siku hizi ukiwaachia kuhesabu wanarukaruka kama mbuzi.

Daftari hili lilikuwa la gumbaru, darasa la watu wazima. Mwalimu Erastus alituambia tuandike kila siku hata mstari mmoja, mkono usisahau. Basi naandika. Leo siku ya nne.

Jumanne, 16 Machi

Watu wa matanga wamemaliza kuku wote. Nimebakiwa na jogoo mmoja mzee, mgumu kama mimi.

Ijumaa, 19 Machi

Nimemkalisha Aminah nikamwambia masharti. Hakuna manukato, hakuna hina, hakuna nguo ya rangi, hakuna kuvuka ua wa nyumba hii kwa sababu yoyote. Nikamwambia, "Mimi nilikaa eda ya baba yake Bilal mwaka wa sabini na nne, nikiwa na jipu kwenye titi kubwa kama yai la bata. Sikutoka. Lilipasuka lenyewe nikiwa humu humu ndani. Wewe huna hata jipu."

Akasema, "Ndiyo, Mama."

Ni mtoto mtiifu, lazima niseme. Alipoletwa hapa Shianda nilidhani kidato cha pili kitamtia maringo. Hakuna. Anapika obusuma, ugali wetu, laini kuliko wangu, ingawa sijawahi kumwambia.

Jumapili, 28 Machi

Idd. Hatukuchinja.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua imeanza kweli kweli. Paa la jikoni linavuja palepale Bilal alipokuwa akisema kila wiki atapaziba.

Aminah aliniuliza, "Mama, hakuna barua yangu kutoka zahanati?"

Nikasema hakuna. Ilikuwa kweli. Mwezi wa pili, Sista Jepkemboi wa zahanati alikuja kwenye chama chetu cha akina mama wa kupalilia miwa. Akasema kuna kansa inayoshika mlango wa kizazi, inakaa kimya miaka mingi, na ikishikwa mapema inatolewa kabla haijawa kansa. Kila mwanamke aliyezaa aende akatazamwe. Watu walicheka mpaka majembe yakaanguka. Jirani yangu Namalwa alisema, "Mimi nimefungua mlango huo mara nane, sifungui tena kwa mgeni." Mimi nilisema maneno mabaya kuliko hayo. Aminah hakucheka. Alienda. Wakampangusa kwa kijiti, wakapaka kwenye kioo, kioo kikapelekwa Nairobi. Sasa anangoja majibu.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Fauzia, mtoto wa Aminah, ana mafua. Yuko na miaka miwili na anamwita baba yake kila akisikia baiskeli.

Jumatano, 21 Aprili

Barua imekuja. Ilipitia sanduku la posta la shule, Mwalimu Erastus akaileta mwenyewe, akanipa mimi kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni, na mjane wa eda haonyeshwi mwanamume hivi hivi.

Nilienda nayo nyuma ya choo nikaifungua. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Ilisema majibu yameonyesha mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Ilisema si kansa, lakini yakiachwa yanaweza kuwa kansa. Ilisema daktari atakuja zahanati Jumatano tarehe 19 Mei na mashine ya kutibu, tafadhali usikose.

Nilihesabu. Tarehe 19 Mei yuko katikati ya eda.

Nimeiweka kwenye debe, chini ya unga wa wimbi. Aminah akijua atataka kutoka. Akitoka, kesho Shianda nzima itasema mke wa Bilal hakuweza kumkalia mumewe hata miezi minne. Na ugonjwa wa huko chini! Watasema Bilal alileta nini nyumbani. Bilal hana mdomo tena wa kujibu.

Ijumaa, 23 Aprili

"Mama, barua?"

"Haijaja."

Jumatatu, 3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Magugu yamefika magoti. Nimepalilia mistari miwili, mgongo ukakataa.

Alhamisi, 6 Mei

Aliuliza tena. Nikamkaripia. "Hiyo barua ina nini? Ina mume ndani?" Akainamisha uso akaendelea kuchambua mrenda. Neno lile halikuwa zuri kwa mjane. Lilishatoka.

Jumapili, 9 Mei

Baba yake Aminah, Mzee Tariq wa Matungu, ametuma salamu. Eda ikiisha atakuja kumchukua binti yake. Kuna mwenye duka huko aliyefiwa na mke. Hata kaburi la Bilal halijaota nyasi vizuri.

Jumatatu, 17 Mei

Leo lazima niandike yote.

Sista Jepkemboi alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, gambuti moja imepasuka. Nilimkuta kwenye ua, sikumkaribisha.

"Hodi, Bibi. Aminah yuko?"

"Yuko, lakini mhesabu kama hayupo. Yuko eda."

"Pole sana. Nilisikia habari za mumewe, ila sikujua kwenu mnakaa muda gani. Alipata barua yangu?"

Yeye si mjinga, alitazama uso wangu akaelewa.

"Bibi, daktari anakuja kesho kutwa. Akiondoka, hapa atarudi Agosti. Ni dakika chache tu. Anagandisha ile sehemu kwa baridi, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake."

"Basi Agosti. Eda itakuwa imeisha. Si umeandika si kansa?"

"Si kansa. Miezi mitatu peke yake haitamuua. Lakini Agosti atakuwa wapi?"

Swali hilo lilinichoma, maana nilijua jibu.

Akasema, "Niliandikia wanawake kumi na mmoja. Wamekuja kujiandikisha wanne. Wengine hawajakataa. Wananiambia baada ya mavuno, baada ya matanga, baada ya mtoto kufunga shule. Halafu miaka inapita, mmoja ananijia amebebwa kwa kitanda, na mimi sina cha kumpa ila dawa ya maumivu. Kwetu Nandi pia tunalima miwa, Bibi. Muwa ukitoa ule mjeledi mweusi kileleni, unangoja nini?"

"Siungoji. Naung'oa, usiambukize shamba."

"Huyu hata mjeledi hajatoa. Ni wakati mzuri."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli kwa lugha yangu. Nikamuuliza ugonjwa wenyewe unatoka wapi. Akasema kuna kijidudu kinachopita kitandani kati ya mke na mume. Akaongeza kwamba hakuna anayeweza kujua nani alikileta, kinaweza kukaa miaka mtu asijue, na karibu kila mtu hukipata, wengi mwili hukiondoa wenyewe. Mimi sikungoja hayo mengine. Nilisikia tu kwamba mwanangu aliye kaburini amepakwa uchafu na msichana wa gambuti iliyopasuka.

"Toka kwangu! Mwanangu alikuwa safi. Toka!"

Alitoka. Akageuka kwenye njia akasema, "Sijamlaumu Bilal, Bibi. Nataka tu mkewe asimfuate."

Nilipoingia ndani Aminah aliuliza ni nani aliyekuwa anapigiwa kelele. Nikasema ni mtu anayeuza mkaa mbichi.

Jumatano, 19 Mei

Mvua. Nimeshinda jikoni. Sikuweza kumtazama Aminah wala saa ya redio.

Alhamisi, 20 Mei

Hakuuliza barua.

Jumamosi, 29 Mei

Hakuuliza tena. Nilikuwa nachukia akiuliza, sasa nachukia kunyamaza kwake.

Jumanne, 8 Juni

Phineas, mume wa Namalwa, alikuja kuniita asubuhi. Hakusema kuna nini. Alisema tu, "Mama Bilal, njoo umwone mwenzako."

Namalwa sikuwa nimemwona tangu mvua ianze. Nilidhani ana uvivu wa matope. Nilipoinua pazia la chumba, harufu ilinipokea kwanza, nikajizuia nisifunike pua. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mahindi bila kugeuza shingo sasa amekuwa mfupa na macho.

"Mwanasha," akasema, "umekuja kunikaripia hata kitandani?"

"Nakukaripia kwa sababu ni saa nne na bado umelala. Nani anapalilia?"

Akacheka, ikamuuma. Nilimwosha. Phineas alitoa matambara yote yenye damu nje, mwanamume mzima, akayafua mwenyewe. Namalwa alianza kutoka damu mwaka jana, miaka minne baada ya hedhi kukatika. Alidhani ujana umerudi, alisema hivyo akitaka nicheke. Alikuwa nayo damu siku ile Jepkemboi alipokuja kwenye chama. Alikuwa nayo akisema ule utani wa mlango mara nane.

"Kwa nini hukuenda?"

"Ningeanzia wapi, baada ya kuwachekesha hivyo? Nilienda mwezi wa nne. Wakanipeleka hospitali kubwa. Wakasema nimechelewa, nirudi nyumbani, wakanipa vidonge."

Halafu akaniuliza, "Aminah wako si alienda? Majibu yake yalikuja mazuri?"

Nikasema, "Hayajaja."

Nimemdanganya mtu anayekufa. Nimefika nyumbani nikanawa mikono mara tatu, na harufu iko hapa ninapoandika.

Jumatano, 9 Juni

Sikula.

Ijumaa, 11 Juni

Baada ya swala nilimngoja Mwalimu Athman nyuma ya msikiti. Ni imamu wetu, amesoma mpaka Lamu, lakini mimi nilimfunga nepi, kwa hiyo simwogopi.

"Asalamu aleikumu, Bibi. Mbona umesimama kwenye mvua?"

"Waleikumu salamu. Usiniulize mvua. Niambie, mjane wa eda akiugua, anaweza kuvuka ua?"

"Kwenda hospitali? Anaweza. Ana haja. Aende mchana, alale nyumbani kwake. Nani mgonjwa?"

"Nijibu kwanza. Anaweza hata kama ugonjwa haujamlaza? Hata kama unakuja tu, bado uko njiani?"

"Kama mwenye ujuzi amesema atibiwe, aende. Eda si jela, Bibi. Nani alikuambia hawezi?"

"Mama mkwe wangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Nilimkumbuka yule mwanamke, Mungu amrehemu, amekaa mlangoni na bakora yake, mimi ndani nikitetemeka kwa homa, titi limekuwa jeusi. Nilinyonyesha Bilal kwa upande mmoja tangu siku hiyo. Nikamwuliza Athman, "Kwa hiyo jipu langu lingeweza kupasuliwa hospitali?"

Kijana yule akatazama chini. "Lingeweza, Bibi."

Miaka ishirini na mitano nimejivunia jipu.

Jumamosi, 12 Juni

Nimetoa barua kwenye unga nikampa Aminah. Nikasema, "Imekuja tangu Aprili. Niliificha mimi. Na Sista alikuja, nikamfukuza. Yule si muuza mkaa."

Aliisoma mara mbili. Yeye hasomi kwa kidole. Nilingoja alie au anitukane, ningejua la kufanya. Akaikunja vizuri.

"Nilimsikia Sista, Mama. Ukuta huu ni wa udongo. Tangu siku ile najua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unataka nife ndani ya nyumba yenye sifa nzuri. Nikasema basi, labda ndiyo heshima yenyewe."

Akamchukua Fauzia akaingia chumbani. Nimekaa hapa jikoni. Nimezaa saba, nimezika watano, hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo kwa sauti ya chini hivyo.

Jumapili, 13 Juni

Aminah hasemi nami. Amepika, ameweka chakula, ametoka.

Jumatatu, 14 Juni

Hasemi.

Jumanne, 15 Juni

Hasemi. Nimemwambia chakula ni kizuri. Miaka minne hajawahi kulisikia hilo kwangu, na hakugeuza hata kichwa.

Jumatano, 16 Juni

Nimeenda zahanati. Kuna kilima pale mwisho, nilipumzika mara nne. Jepkemboi alikuwa akimchanja mtoto, aliponiona akasimama wima kama askari.

Nikamwambia, "Usiniogope, leo sina fimbo. Nilikukosea. Sasa niambie huyo daktari wako yuko wapi, na usiniambie Agosti."

Alitaka kucheka akajizuia. Akafungua kitabu chake. Daktari atakuwa Khwisero tarehe 30 Juni, kituo cha afya kule.

"Aminah atakuja mwenyewe, au nimwandikie barua nyingine?" akauliza.

"Usiandike tena barua, sista. Barua zako zinaangukia mikono mibaya. Nitamleta mimi."

Nikamuuliza pia habari za Namalwa. Akasema anapita kumwona kila Ijumaa, amempa dawa yenye nguvu zaidi. Sikujua. Anapita mbele ya nyumba yangu kila Ijumaa, na gambuti bado imepasuka. Jioni nimemwambia Aminah tarehe na ruhusa ya Mwalimu Athman, akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 26 Juni

Maulidi. Wanawake waliacha kuimba nilipoingia. Wameshasikia mjane wangu anatoka kwenda hospitali. Mmoja, sitamtaja, akauliza kwa adabu ya uongo, "Mama Bilal, Aminah anaumwa na nini hasa?"

Nikasema, "Mlango wa kizazi. Ule ule unao wewe hapo ulioukalia. Endelea kuimba."

Jumatano, 30 Juni

Tumeenda Khwisero na tumerudi. Nimechoka mpaka kalamu ni nzito.

Tuliondoka kukipambazuka, Aminah na buibui lake, mimi na fimbo. Gari lilinasa matopeni, tukatembea kipande cha mwisho. Hakusema neno njia nzima, ila kwenye utelezi alinishika mkono, na tulipofika pakavu akauachia.

Wanawake walijaa kwenye benchi. Daktari ni mwanamke, mfupi, sauti kama kengele. Jepkemboi alikuwepo kumsaidia. Aminah alipoitwa alisimama, akakaa tena. Nikadhani ataniomba tuondoke. Akaniambia, "Ingia na mimi."

Nilisimama upande wa kichwa chake, nikatazama ukuta. Daktari alipaka siki, akasema anaona doa jeupe, dogo, lote linafikika. Akaleta chuma chenye mpira na chupa kubwa ya gesi. Ikapiga kelele kama chai inayochemka. Aminah akanifinya vidole. Wakagandisha, wakangoja, wakagandisha tena. Muda wote huo haukufika hata nusu ya muda wa kuivisha chungu cha maharagwe.

Daktari akasema atatokwa na maji kwa wiki kadhaa, asishtuke. Asilale na mume kwa mwezi mmoja. Aminah akamtazama, akasema, "Hilo, daktari, nimelipanga tayari." Jepkemboi akaangusha kifuniko cha sahani. Nilicheka mimi pia, Mungu anisamehe.

Halafu daktari akaacha kucheka. Akasema wengi hupona moja kwa moja, lakini si wote. Lazima arudi baada ya mwaka mmoja atazamwe tena. Akasema hapo ndipo wanapowapoteza. Wameolewa, wamehama, wamesahau.

Tulipotoka nje Aminah alisema, "Twende, Mama, tusichelewe. Nataka kulala nyumbani kama alivyosema Mwalimu Athman." Jua lilikuwa bado juu sana. Nikaelewa alitaka tu kusema neno.

Ijumaa, 9 Julai

Namalwa amekufa asubuhi. Nilimwosha na wenzangu. Mvua imekwisha.

Jumapili, 18 Julai

Eda imeisha. Aminah ameoga, amevaa nguo ya buluu. Baada ya adhuhuri Mzee Tariq alifika na wazee wawili wa Matungu. Tulisalimiana, wakala ingokho, kuku wa wageni, wakamsifu Bilal kwa maneno mazuri. Kisha Tariq akasema wamekuja kumchukua mtoto wao.

Nikasema, "Mchukue, ni wako. Lakini kuna jambo. Mtoto huyu ametibiwa mlango wa kizazi tarehe 30 Juni."

Wazee walitazama sahani. Tariq akakohoa. "Mama Bilal, hayo mambo ya wanawake mtazungumza ninyi ndani."

"Tulizungumzia ndani, Mzee. Mimi niliyafungia ndani karibu miezi miwili. Na Ijumaa ya juzi tumemzika jirani yangu kwa mambo hayo hayo ya ndani. Kwa hiyo leo nayasema hapa, mbele ya kuku. Mwaka ujao, mwezi wa sita, arudi Khwisero atazamwe. Hata kama ameolewa. Huyo mwenye duka umwambie kabla ya mahari, si baada. Akikataa, basi hafai."

"Nimesikia."

"Sijauliza kama umesikia. Sema ni mwezi gani."

Akanitazama, mzee mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi. "Wa sita."

"Wapi?"

"Khwisero, Mama. Khwisero."

Nyuma ya pazia Aminah alicheka. Walipofungasha alikuja akapiga magoti kuniaga. Nikamwambia, "Barua ile. Nilikosa."

Akasema, "Najua, Mama." Hakusema amesamehe, na mimi sikumwomba aseme. Fauzia alilia njiani mpaka sauti ikaisha nyuma ya miwa.

Jumanne, 20 Julai

Nimepanda tena kile kilima cha zahanati. Kitabuni mwa Jepkemboi, jina la Aminah lina nafasi tupu pembeni, ya mtu wa kutafutwa mgonjwa akikosa kurudi. Nyingi ni tupu hivyo, nimeona mwenyewe ukurasa mzima. Nimemwambia aandike mimi: Mwanasha, mama mkwe, Shianda.

Akasema, "Bibi, Matungu ni mbali kwa miguu yako."

Nikamwambia andika.